Kamera ya vimondo juu ya bati la mama, Wete, na dakika 24 zilizopotea

Kamera yenyewe ndogo tu, ukiiona juu ya paa utadhani ni hizi za kulinda maduka, na hilo hasa ndilo lililonitia mashakani mwanzo. Mie ni fundi simu hapa Wete, Pemba, kibanda changu kiko karibu na soko, na mwaka 2022 nilifunga kamera ya kunasa vimondo juu ya nyumba ya mama. Wiki haijesha sheha, yaani mkuu wa mtaa wetu, akanitumia kijana, njoo tuzungumze. Kumbe jirani yetu wa nyuma, bi mkubwa ambae nimekua namwita mama kama mama yangu, kapeleka malalamiko kwamba nimeweka kamera inayoangalia uwani kwake, na uwani ndiko wanakofua, ndiko wanakopikia, binti zake wanakaa pale vichwa wazi.

Niliona uzito sana siku ile. Kamera ilikuwa inaangalia juu, kusini mashariki, haioni ua wa mtu yeyote, lakini yeye atajuaje? Aliyeko chini anaona lenzi tu inang'aa. Nikachukua laptop nikaenda nayo barazani kwa sheha, nikamfungulia yule bi mkubwa picha za usiku wa jana yake moja baada ya moja, weusi mtupu na vidoti vyeupe. Akaangalia muda mrefu afu akauliza, "Na bati langu liko wapi humu?" Nikamwambia halimo mama, humu mna nyota tu. Akasema hewala, lakini watu wengine watakaopita njia hii hawataziona hizo picha. Na alisema kweli. Nikarudi nikakata kopo la maziwa ya unga, nikalikunja nikalifunga chini ya kamera kama kibaraza, kwahiyo ukisimama chini unaona kopo, lenzi huioni. Afu lile kopo likaja kunifaa na mie, maana lilizuia mwanga wa taa ya barabarani uliokuwa ukiingia pembeni ya picha. Saivi yeyote anaeniuliza namna ya kufunga kituo jambo la kwanza namwambia kabla hujapanda ngazi zunguka nyumba zote zinazoliona paa lako, piga hodi, onyesha picha. Mie nilifanya kinyume, nilipanda kwanza nikaeleza baadae.

Sasa kazi ya kamera yenyewe. Ni kamera ya kawaida ya ulinzi yenye sensa inayoona vizuri gizani, lenzi pana, imeunganishwa kwa waya wa mtandao (LAN) na kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi iliyo ndani ya nyumba. Giza likiingia inaanza yenyewe, inachukua fremu 25 kila sekunde mpaka alfajiri, afu programu inapitia usiku mzima kutafuta kitu kilichokwenda kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ya kimondo, inapima na nyota zilizoonekana kujua kamera inaangalia wapi hasa, halafu inatuma matokeo. Mtandao ninaotumia mie unaitwa Global Meteor Network, aliyeuanzisha ni Denis Vida, yuko chuo kikuu cha Western Ontario kule Kanada, na una zaidi ya kamera 1000 zinazoendeshwa sana sana na watu wa kawaida kama mie, walimu, mafundi, wastaafu. Matokeo yanawekwa wazi kwa kila mtu. Kwa vifaa vyote nilitumia pesa ya simu moja ya maana.

Kilichonivuta ni hichi. Kamera nyingi za namna hii ziko Ulaya na Marekani, ukishuka huku kwetu ramani inakuwa tupu. Na sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, tunaona karibu mbingu yote, Msalaba wa Kusini tunao, Dubu Mkubwa tunae, mtu wa Uingereza hana hilo. Niliona vibaya sana ile sehemu nyeupe ya ramani, bahari yote hii na visiwa vyote hivi hakuna jicho.

Lakini jicho moja halitoshi, na hili nililijua kwa kusoma ila sikulielewa mpaka Maalim aliponielewesha, na Maalim hajawahi kugusa kompyuta. Ni mwalimu wangu wa chuo cha Qur'ani tangu mdogo. Nilikwenda kwake kwa sababu watu walianza kusema nachezea mambo yasiyonihusu, kwamba vimondo ni vya kupigia mashetani, imo kwenye Suratul Mulk. Mie sikutaka kubishana na mtu juu ya Qur'ani nikaona bora nimuulize mwenye elimu. Akanisikiliza, nikamweleza kwamba kamera moja ikiona kimondo inajua upande tu kilipopita, haijui kilikuwa mbali kiasi gani, kinaweza kuwa kidogo na karibu au kikubwa na mbali, mpaka kamera ya pili iliyo mbali ikione kile kile kwa wakati ule ule, hapo mistari miwili inakatana ndio unajua kilikuwa juu ya wapi, urefu gani, kasi gani na kilitoka upande gani wa anga. Maalim akacheka kwa furaha akasema, "Kumbe nyie mwafanya kama sie tunapotafuta mwezi." Mtu akija kusema kauona mwezi anaulizwa ulisimama wapi, upande gani, saa ngapi, nani mwengine kauona. Akanambia mwanangu kutazama alichokiumba Mungu hakuna ubaya, lakini tafuta shahidi wako wa pili, na awe mkweli wa saa.

Mkweli wa saa. Hilo neno nakumbuka vizuri kwa sababu ya yaliyokuja baadae.

Shahidi wa pili nilimpata Nungwi, Unguja, fundi wa umeme wa boti, tulijuana kwa kununua vifaa. Kutoka Wete mpaka Nungwi kwa mstari wa moja kwa moja juu ya mkondo wa bahari ulio kati ya visiwa ni karibu kilomita 90, umbali mzuri hasa kwa kazi hii kwa sababu vimondo vinawaka kwenye kilomita 80 mpaka 120 juu. Mkiwa karibu sana mistari yenu inakuwa kama sambamba haikatani vizuri, mkiwa mbali sana hamuoni kipande kimoja. Tukakaa na ramani tukachagua sehemu ya mbingu juu ya bahari kuu, mashariki ya mkondo, mie nikaelekeza kamera kusini mashariki yeye akaelekeza mashariki. Picha zake za mwanzo nilimuonyesha mama kwenye simu, mama hana habari na mambo haya, akaweka kidole kwenye kile kishada cha nyota ukingoni akasema, "Hichi si ndio Kilimia?" na akanisomea ule msemo wa wazee, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miaka yangu yote nausikia nilikuwa sijawahi kukiangalia chenyewe.

Shida za kila siku ziko nyingi. Chumvi inakula kila kitu, tundu lolote la skrubu lazima utie silikoni, na jeki ya LAN nje hata uifunge tepu vipi itaota kutu ya kijani, mie naipaka grisi na naifungua kila baada ya miezi mitatu. Sisimizi waliwahi kuhamia ndani ya boksi la kamera na mayai yao, joto linawapendeza. Buibui anatandaza utando mbele ya lenzi. Popo wa Pemba, hawa wakubwa, jioni wanapotoka kwenda kwenye miembe wanapita mbele ya kamera na programu inawahesabu, asubuhi unakuta orodha ndefu ukaifurahia kumbe nusu yake ni mabawa. Kule Nungwi shida kubwa ni taa za dagaa. Sie tunataka usiku wa giza na wavuvi wa dagaa wanataka usiku huo huo wa giza, mashua zinatoka na taa zao upeo wote wa mashariki unakuwa kama mji. Mwenzangu alikuwa amekasirika mwanzo nikamwambia wale wanatafuta riziki na bahari ilikuwa yao kabla ya kamera yetu, inua lenzi juu kidogo uweke kibaraza kama cha kwangu. Akainua na ikatulia.

Sasa nije kwenye dakika 24.

Septemba 2023 nilikwenda Mtambile kwenye shamba la ami kuchuma karafuu, nikaacha kamera inafanya kazi yenyewe kama kawaida. Nyuma huku umeme ukakatika usiku mmoja ukarudi, na bando la rauta nalo likawa limekwisha, mama hajui lolote katika haya na taa ya kompyuta ilikuwa inawaka kijani. Nilivyorudi baada ya siku tisa nilikuta watu barazani wanazungumzia zinga la moto lililopita siku mbili kabla, rangi ya kijani likaisha na wekundu, ua mzima ukaonekana kama mchana. Mzee mmoja akaniapia kwamba limeangukia Pujini, hapa hapa Pemba, kuna shemeji yake huko kasikia na kishindo. Moyo ulinidunda, nikakimbia nyumbani nikachomeka laptop, nikalikuta. Zuri ajabu, limekata picha kutoka juu kulia mpaka karibu na chini, na katikati limevimba mahali lilipopasuka.

Nikampigia mwenzangu wa Nungwi. Na yeye alikuwa nalo. Nikamuuliza saa ngapi akasema 18:15, hiyo ni saa ya kimataifa ambayo vituo vyote vinaandika, kwa sisi ni saa tatu na robo usiku. Mie langu limeandikwa 17:51. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Nikasema basi ni mawili tofauti, yeye akasema haiwezekani, mazinga mawili kama haya usiku mmoja ndani ya nusu saa na kila kamera ione lake tu? Watu wa Nungwi nao walikuwa wanasema limezama baharini nyuma tu ya mashua za dagaa. Kwahiyo tulikuwa na mashahidi kibao, kila mmoja amelivutia zinga kwenye ua wake, na kamera mbili zinazopingana saa.

Nilikaa na ile picha usiku kucha. Kuna picha ya ukaguzi ambayo programu inaitengeneza, inachora duara dogo pale nyota inapotakiwa kuwa, ukiangalia kila duara linatakiwa liwe limeikumbatia nyota yake. Siku zote nilikuwa naipitia haraka haraka naona maduara mengi nasema sawa. Usiku ule niliivuta ikawa kubwa, na nikaona maduara yote yako matupu. Nyota ziko, maduara yako, lakini kila duara limebaki nyuma ya nyota yake, upande ule nyota inakotokea, kama safu ya watu waliochelewa sala wamesimama nyuma ya wenzao. Kwanza nikadhani upepo wa kusi umesukuma kamera, nikapanda juu ya bati na tochi, skrubu zimekaza, alama ya kalamu niliyoipiga kwenye bomba iko pale pale haijasogea hata unywele.

Nikashuka nikahesabu. Mbingu inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kila dakika 4. Nikapima zile nyota za upande wa kushoto wa picha, za mashariki, zinazopanda karibu wima, maduara yalikuwa nyuma pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 87 hivi, na kwa lenzi yangu pikseli kama 14 na nusu ni nyuzi 1. Nyuzi 6. Mara 4. Dakika 24. Na toka 17:51 mpaka 18:15 ni dakika 24.

Kamera haikusogea, ilisogea saa. Ile kompyuta ndogo niliyonayo haina betri ya kutunza saa ndani yake, umeme ukikatika ghafla ikiwaka inaendelea na saa ya mwisho iliyoandika kwenye memori kadi, na kila siku ikiwaka inajisahihisha kwa intaneti. Bila intaneti haikuwa na wa kuiuliza, ikaendelea kuishi dakika 24 nyuma ya dunia, kila kitu kingine sawa, taa kijani, picha safi. Na kompyuta kuu inayooanisha vituo kitu cha kwanza inachoangalia ni muda, muda usipokaribiana haiviweki pamoja hata vikiwa kimondo kimoja. Toka usiku ule umeme ulipokatika hakuna hata kimondo kimoja changu kilichooana na cha Nungwi, na mie nisingejua lau si zinga lile.

Iliniuma. Fundi mimi, kila siku nafungua simu za watu, na kompyuta bila betri ya saa nimeiacha juu ya meza ya mama mwaka mzima. Kesho yake nilichukua kimoduli cha saa cha DS3231, kile chenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi, nikakichomea risasi pini zake nne, nikakifunga. Hichi kinapotea dakika moja hivi kwa mwaka, sio dakika 24 kwa usiku mmoja. Na sasa hata kabla ya kuangalia vimondo kila asubuhi naivuta ile picha ya ukaguzi nione maduara yamekumbatia nyota. Inachukua nusu dakika.

Lakini lile zinga halikupotea, na hili ndilo ninalopenda kulisimulia. Saa ilikosea, nyota hazikukosea. Kwa kuwa tulijua nyota zilipo kwenye picha tuliweza kurudi nyuma na kusema ilikuwa saa ngapi kweli, kwa kupishana sekunde chache tu. Tukarekebisha, tukaweka mistari yetu miwili pamoja kwenye programu ya kukokotoa, mwenzangu Nungwi mie Wete simu iko spika, na ikakatana. Lilianza kuwaka kwenye kilomita 90 na kitu juu ya bahari kuu, likazimika kilomita 50 na kitu juu, mbali mashariki ya Pujini na mbali zaidi na mashua za dagaa. Kilometa hamsini juu! Ndege za abiria zinapita kwenye kilomita 10 au 12. Hakuna kilichoanguka ua wa mtu. Nikamwendea yule mzee barazani na picha zote mbili na ramani niliyoichora kwa mkono, nikamweleza taratibu kwamba jicho la mtu usiku halina kipimo cha umbali, kitu king'aavu unakiona karibu. Alikaa kimya afu akasema, "Basi shemeji kasikia nini?" Nikamwambia sijui baba, labda radi, na tukanywa kahawa.

Kuna watu wananiuliza faida yake nini. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalianguka kweli, kipande kimoja kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga kijana kichwani na Mungu akamsalimu kwa sababu ya yale majani. Huko bara kwetu Mbozi liko jiwe la chuma la tani kama 16 lililotoka juu. Na sasa sio mawe tu, tarehe 30 Desemba 2024 kijiji cha Mukuku Kenya kiliangukiwa na pete ya chuma ya roketi, upana wake mita 2 na nusu, kilo 500 hivi. Siku kitu kama hicho kikiwaka juu ya mkondo wa Pemba nataka pawe na watu wawili watatu wenye saa za kweli watakaoweza kumwambia sheha na wavuvi kimeelekea wapi, badala ya kila kijiji kukimbilia ufukwe wake.

Mwaka ule ule wa zinga, Desemba 2023, tulingoja Jeminidi, vimondo vingi vinavyokuja kila Desemba, usiku wa kuamkia tarehe 14, mwezi haukuwepo kabisa, usiku tuliouombea mwaka mzima, na ndio mwaka wa mvua za vuli zile nzito. Mawingu mpaka saa nane. Afu likafunguka tundu upande wa mashariki, karibu saa nzima na nusu, na vikaja, vile vya Jeminidi vinakwenda taratibu kidogo, kilomita 35 kwa sekunde ndio taratibu kwa kimondo, vyeupe, mara viwili viwili. Nilimwamsha mama. Yule bi mkubwa jirani naye alikuwa macho anajitayarisha kwa tahajudi, akatoka uwani na binti zake, wakasimama ndani ya ua ule ule wa malalamiko, wakawa wanahesabu kwa sauti. Asubuhi maduara yote yalikuwa juu ya nyota na zaidi ya nusu ya vilivyonaswa vilioana na vya Nungwi.

Sasa tunatafuta jicho la tatu. Makunduchi, kusini ya Unguja, kuna mwalimu wa skuli ana paa zuri na majirani ameshawapigia hodi wote, kamera yake iko mezani kwangu hapa kibandani, kimoduli cha saa nimeshakichomea, nangojea bomba la kuifungia lije na boti ya Ijumaa.